Derek Bryceson: Rubani wa Vita Aliyekuwa Waziri wa Tanganyika Huru

Wakati wananchi wa Jimbo la Kaskazini la Tanganyika walipoitwa kupiga kura kwa mara ya kwanza mwezi Septemba mwaka 1958, eneo la Samunge lilikuwa ndani ya Wilaya ya Masai, na Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Wilaya hizo, pamoja na Arusha na Moshi, ndizo zilizounda jimbo hilo. Miongoni mwa waliosimama kuomba ridhaa ya wapiga kura alikuwa mkulima Mzungu mwenye umri wa miaka 35, aliyetembea kwa mkongojo na aliyewahi kuwa rubani wa ndege za kivita. Jina lake lilikuwa Derek Noel Maclean Bryceson.

Katika historia ya nchi yetu, majina ya wapigania uhuru yanatajwa kwa heshima kubwa, na yanastahili. Hata hivyo, wapo watu wachache waliozaliwa mbali na ardhi hii ambao katika saa ya uamuzi walisimama upande wa wananchi, wakapewa dhamana na kuitumikia mpaka mwisho wa maisha yao. Bryceson ni mmoja wao. Maisha yake yanagusa mambo manne yenye uzito katika ujenzi wa Taifa la Tanzania: uchaguzi wa kura tatu, mjadala wa uraia, kilimo na uhifadhi wa wanyamapori.

Kijana aliyeanguka kutoka angani

Bryceson alizaliwa nchini China mwezi Desemba mwaka 1922, kwa wazazi wa Kiingereza, na kupata elimu yake Uingereza. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza mwaka 1939 alikuwa na miaka 16. Kama vijana wengi wa rika lake, alijiunga na Jeshi la Anga la Uingereza mara tu umri ulipomruhusu, akafunzwa urubani wa ndege za kivita na kupelekwa Mashariki ya Kati.

Vita vya anga vya wakati ule vilikuwa na desturi ya kuwatukuza marubani kwa hesabu ya ndege za adui walizozitungua. Sifa ya Bryceson haikujengwa kwa hesabu hiyo, kwa kuwa muda wake angani ulikuwa mfupi. Akiwa na umri wa miaka 19 tu, ndege yake ilitunguliwa. Alinusurika kifo, lakini uti wake wa mgongo uliumia vibaya, na madaktari walimweleza kuwa hangeweza kutembea tena.

Hakuikubali hukumu hiyo. Kwa mazoezi ya muda mrefu yenye maumivu makali, alijifunza upya kusimama na kupiga hatua. Mguu mmoja ulibaki na nguvu kidogo ya kuusogeza mbele, na mwingine ilibidi autupe kuanzia nyongani. Tangu hapo mpaka mwisho wa uhai wake alitembea kwa mkongojo. Aliendesha gari, alilima, alifanya ziara za vijijini na kusimama majukwaani akiwa katika hali hiyo hiyo. Baharini, ambako maji yalimbebea uzito wa mwili, aliweza kuogelea kwa uhuru ambao nchi kavu ilimnyima. Mapenzi yake kwa Bahari ya Hindi yalitokana na jambo hilo.

Kutoka Cambridge hadi miteremko ya Kilimanjaro

Baada ya kutoka hospitali, Bryceson alisoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kutokana na ulemavu wake, alitarajiwa kufanya kazi nyepesi ya usimamizi wa shamba nchini Uingereza, kazi ya kukaa na kuelekeza wengine. Njia hiyo haikumvutia. Aliamua kuja Afrika Mashariki, akaanzia Kenya ambako alilima kwa muda wa miaka miwili, kisha akahamia Tanganyika na kuanzisha shamba la ngano katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Tanganyika ya wakati ule ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Katika Jimbo la Kaskazini, mashamba makubwa ya walowezi yalienea kuanzia Kilimanjaro Magharibi hadi Oldeani na Karatu, yakizalisha ngano na kahawa. Wananchi waliozunguka mashamba hayo walikuwa na kumbukumbu chungu za kupoteza ardhi. Suala la ardhi ya Wameru walioondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951 lilifikishwa hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Mlowezi aliyetaka kuingia katika siasa katika mazingira hayo alikuwa na njia mbili. Angeweza kulinda nafasi ya pekee ya jamii yake ndogo, au kukubali kwamba nchi ni ya walio wengi na kuomba nafasi yake miongoni mwao.

Hapo mwanzo Bryceson aliingia katika uongozi kupitia mlango wa Serikali ya kikoloni. Mwaka 1957, Gavana Sir Edward Twining alipoanzisha nafasi za Mawaziri Wasaidizi, Bryceson alikuwa miongoni mwa walioteuliwa. Angeweza kubaki hapo akiwa salama, kwani sera ya Twining ya usawa wa viti baina ya Waafrika, Waasia na Wazungu iliwapa Wazungu wachache uzito mkubwa kuliko idadi yao. Chama cha United Tanganyika Party, kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana, kilisimama kuitetea sera hiyo.

Hata hivyo, Bryceson alikuwa amekwisha kufahamiana na Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa Chama cha Tanganyika African National Union. Katika mazungumzo na ushirikiano wao alishawishika kwamba hoja ya TANU ilikuwa ya haki na kwamba uhuru haukuwa wa kuzuilika. Aliacha nafasi yake Serikalini ili agombee kura za wananchi akiungwa mkono na TANU.

Kura tatu na uamuzi wa Tabora

Uchaguzi wa mwaka 1958 ulikuwa na masharti magumu. Mpiga kura alipaswa kuwa na umri wa miaka 21 na kutimiza sifa fulani ya elimu, kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kushika wadhifa uliotambuliwa. Masharti hayo yaliwaacha nje wananchi walio wengi. Katika vijiji vya Wabatemi kama Samunge, ambako watu waliishi kwa kilimo cha mifereji, na katika maboma ya Wamasai waliohamahama na mifugo, waliotimiza sifa walikuwa wachache mno.

Sharti zito zaidi lilikuwa la kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kura isiyokamilika ilihesabika kuwa imeharibika. Wanachama wengi wa TANU waliuona utaratibu huo kuwa ni dharau na walitaka Chama kiususie. Katika Mkutano Mkuu uliofanyika Tabora mwezi Januari mwaka 1958, Mwalimu Nyerere alifanikiwa kuwashawishi wajumbe kwamba kususia kungewapa wapinzani ushindi wa bure. Uamuzi huo uliingia katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Haukupita bila gharama, kwani Zuberi Mtemvu alijitoa TANU na kuanzisha chama cha African National Congress kilichodai kwamba Tanganyika ni ya Waafrika peke yao.

Baada ya uamuzi wa Tabora, TANU ililazimika kutafuta Wazungu na Waasia wa kuungwa mkono na wanachama wake. Ugumu wa jambo hilo hauna budi kueleweka. Kwa mujibu wa katiba ya TANU ya wakati ule, uanachama ulikuwa wa Waafrika tu. Hivyo wagombea hao waliomba kura kwa nguvu ya Chama ambacho wao wenyewe hawakuruhusiwa kujiunga nacho. Kwa upande wa pili, wananchi walitakiwa kumwamini mlowezi kwa sababu tu viongozi wao wamesema anaaminika.

Katika Jimbo la Kaskazini, Bryceson aligombea kiti cha Mzungu, na Sophia Mustafa wa Arusha akagombea kiti cha Mwasia. Wote wawili walishinda. Katika Nyanda za Juu Kusini, Lady Marion Chesham alipata ushindi wa namna hiyo hiyo. Awamu ya pili ya uchaguzi ilipokamilika mwezi Februari mwaka 1959, wagombea wa TANU na wale walioungwa mkono nayo walikuwa wamepata ushindi mkubwa nchi nzima, na United Tanganyika Party ikafifia hadi kufa. Utaratibu uliobuniwa ili kuigawa nchi kwa rangi ulikuwa umegeuzwa na wananchi kuwa daraja la kuelekea uhuru.

Waziri wa Serikali ya mpito

Tarehe 1 Julai mwaka 1959, chini ya Gavana mpya Sir Richard Turnbull, wajumbe watano waliotokana na uchaguzi waliingia katika Baraza la Mawaziri. Walikuwa ni Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama, Amir Jamal na Derek Bryceson, ambaye alikabidhiwa Wizara ya Migodi na Biashara. Ilikuwa dhamana kubwa, kwani almasi ya Mwadui ilikuwa moja ya nguzo za mapato ya nchi iliyojiandaa kujitegemea.

Uchaguzi wa mwezi Agosti mwaka 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichosalia, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwana TANU aliyegombea kama mgombea binafsi. Mwalimu Nyerere aliunda Serikali, na Bryceson akapewa Wizara ya Afya na Kazi. Alikuwa katika Baraza hilo Tanganyika ilipopata Serikali ya Madaraka mwezi Mei mwaka 1961 na bendera ya Uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Desemba mwaka huo.

Hali ya sekta ya afya aliyoipokea ilikuwa ya kusikitisha. Wakati wa Uhuru, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu kwa watu zaidi ya milioni tisa. Hospitali kubwa zilikuwa mijini, na wagonjwa wa maeneo ya pembezoni kama Loliondo walitegemea zahanati chache za Serikali na za misheni, nyingine zikiwa mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kwa Waziri aliyebeba mwilini mwake majeraha ya vita, na ambaye aliweza kusimama tena kwa sababu alipata hospitali na watu wa kumhudumia, pengo hilo halikuwa jambo la makaratasi. Mwaka 1963 Dar es Salaam ilipata chuo chake cha kwanza cha kufundisha madaktari, ambacho ndicho chimbuko la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili cha leo.

Mjadala wa uraia

Jambo lililoweka rehani nafasi ya Bryceson na wenzake lilitokea mwezi Oktoba mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wakati Bunge lilipojadili Muswada wa Uraia. Baadhi ya Wabunge walitaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa kigezo cha rangi. Hoja zao zilikuwa na mizizi katika maumivu ya kweli ya kutawaliwa na kudharauliwa, na zilipata wasikilizaji wengi ndani na nje ya Bunge.

Mwalimu Nyerere alisimama imara. Alieleza kwamba uraia utajengwa juu ya utii kwa nchi na wala si juu ya rangi ya ngozi, akaweka wazi kwamba Serikali ingejiuzulu iwapo msimamo huo ungekataliwa. Muswada ulipita. Kwa Bryceson, Jamal, Sophia Mustafa na Lady Chesham, ambao walikuwa wameketi katika Bunge hilo hilo wakisikiliza uhalali wao ukijadiliwa, matokeo hayo yalimaanisha kwamba wangeweza kuwa raia kamili wa nchi waliyoichagua. Yaliwawekea pia wajibu. Kila mmoja angepimwa kwa kazi yake.

TANU yenyewe ilichukua muda zaidi. Milango ya uanachama kwa watu wa rangi zote ilifunguliwa mwanzoni mwa mwaka 1963. Kwa takriban miaka mitano, Bryceson alikuwa ameitetea sera ya Chama bila kuwa na kadi yake.

Mtihani wa kweli ulikuja mwaka 1965, katika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, ambapo katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindana, mmoja akitumia alama ya jembe na mwingine nyumba. Mawaziri kadhaa walipoteza viti vyao. Bryceson aligombea Dar es Salaam, mahali ambapo wapiga kura walikuwa Waafrika kwa wingi mkubwa na ambapo hakukuwa na sharti lolote la kuwalazimisha kumpa Mzungu kura, na alishinda. Katika bara ambalo nchi zake za kusini bado zilikuwa chini ya tawala za kibaguzi, na mwezi Novemba mwaka huo huo walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao wenyewe ili kuzuia utawala wa walio wengi, ushindi huo ulikuwa jibu lililoeleweka bila maelezo marefu.

Jembe na Azimio

Katika muongo wa kwanza wa Uhuru, Bryceson aliongoza Wizara ya Kilimo kwa kipindi kirefu, na katikati yake alirejea kwa muda katika Wizara ya Afya. Kilimo kilikuwa taaluma yake, lakini kilimo cha Tanganyika hakikufanana na kile alichokisoma Cambridge wala na shamba lake la ngano. Mkulima wa kawaida alikuwa na jembe la mkono, ekari chache na mvua isiyotabirika. Nchi ilitegemea mkonge, pamba na kahawa kupata fedha za kigeni, na bei ya mkonge katika soko la dunia ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960.

Mwezi Februari mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Lilisisitiza kwamba kilimo ndicho msingi wa maendeleo na kwamba ardhi, watu, siasa safi na uongozi bora ndiyo mahitaji makuu ya Taifa. Liliweka pia miiko ya uongozi iliyomkataza kiongozi kumiliki hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Viongozi wengine waliona masharti hayo ni mazito. Bryceson, aliyetoka katika tabaka la wakulima wakubwa wa Kaskazini, alibaki katika Serikali iliyotaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge na iliyoazimia kujenga vijiji vya ujamaa.

Historia imekwisha kuzipima sera za kilimo za kipindi hicho kwa mafanikio na kasoro zake. Huduma za ugani zilipanuliwa na ushirika ulienea mikoani. Upande wa pili, mipango mingi iliyotoka juu haikuwafikia wakulima kwa namna waliyoihitaji, na uzalishaji wa chakula haukukua kwa kasi iliyotarajiwa. Bryceson alikuwa sehemu ya mafanikio hayo na sehemu ya kasoro hizo. Wabatemi wa Samunge na vijiji jirani waliendelea kumwagilia mashamba yao kwa mifereji iliyosimamiwa na wazee kwa taratibu za mila, utaalamu uliokuwapo kabla ya Wizara yoyote kuundwa. Mifereji hiyo inakumbusha kuwa maarifa ya kilimo nchini hayakuanzia ofisini.

Msimamizi wa hifadhi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bryceson aliacha uwaziri na kukabidhiwa uongozi wa Shirika la Hifadhi za Taifa, huku akiendelea kuwa Mbunge. Jukumu hilo lilimrudisha Kaskazini, kwani makao makuu ya Shirika yapo Arusha. Kwa wakazi wa Ngorongoro, hapo ndipo jina lake lilipokaribia maisha yao ya kila siku. Hifadhi ya Serengeti, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, inapakana na tarafa ya Loliondo upande wa magharibi, na nyumbu wanaohama kila mwaka hawatambui alama za mipaka zilizowekwa na binadamu.

Kipindi hicho kilikuwa cha upanuzi. Hifadhi ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973, Katavi ikafuata mwaka 1974 na Kisiwa cha Rubondo mwaka 1977. Hata hivyo, changamoto zilikuwa nyingi. Fedha zilikuwa chache, magari na mafuta yalikuwa haba, na ujangili wa faru na tembo ulikuwa ukiongezeka. Mwezi Februari mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Watalii waliozoea kuingia Serengeti wakitokea Nairobi walitoweka karibu kwa siku moja, na mapato ya hifadhi za Kaskazini yakaporomoka. Uamuzi huo uliumiza kwa muda, lakini uliilazimisha nchi kujenga utalii wake yenyewe kupitia Arusha na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro.

Kazi ya hifadhi ilimkutanisha Bryceson na Jane Goodall, mtafiti aliyeanza kuchunguza sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma, mwezi Julai mwaka 1960. Mwaka 1974, wawili hao wakiwa na mtoto wa Goodall walisafiri kwa ndege ndogo kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Moshi ulianza kutoka sehemu ya mitambo, na walipokaribia kutua pundamilia walikuwa wametanda uwanjani. Rubani alijaribu kutua upande mwingine wa mto, ndege ikaanguka porini. Kwa mara ya pili katika maisha yake, Bryceson alitoka akiwa hai ndani ya ndege iliyovunjika. Mwaka uliofuata, 1975, alifunga ndoa na Goodall.

Mwaka huo huo ulileta jaribu jingine. Usiku wa tarehe 19 Mei, watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire, wakavamia kituo cha Gombe na kuwateka vijana wanne waliokuwa wakifanya utafiti. Waasi hao walikuwa wa kundi la Laurent Kabila, ambaye miongo miwili baadaye alikuja kuwa Rais wa nchi hiyo. Mateka wote waliachiwa wakiwa hai baada ya majadiliano yaliyochukua muda, lakini watafiti wa kigeni hawakuweza tena kukaa Gombe kama zamani. Kazi ingeweza kufa hapo. Haikufa, kwa sababu wasaidizi wa utafiti Watanzania, wengi wao wakiwa wenyeji wa Kigoma, waliichukua mikononi mwao na kuendelea kuandika mienendo ya sokwe siku baada ya siku. Bryceson, aliyekimudu Kiswahili vizuri, alisaidia kuwapanga na kuwaimarisha katika jukumu hilo. Takwimu za Gombe ambazo dunia inazitegemea leo zina deni kubwa kwa wazalendo hao.

Siku za mwisho na urithi

Mwaka 1980 Bryceson aligundulika kuwa na saratani. Alipelekwa Ulaya kwa matibabu, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Alifariki dunia nchini Ujerumani mwezi Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 57. Hakuzikwa Uingereza alikosomea wala Ujerumani alikofia. Majivu yake yalirudishwa Tanzania na kumwagwa katika Bahari ya Hindi, pwani ya Dar es Salaam, katika maji yaliyompa uhuru wa mwili.

Mjane wake aliendelea kuifanya nyumba yao ya Dar es Salaam kuwa makazi yake nchini. Ni katika nyumba hiyo ambapo mwaka 1991 wanafunzi 12 wa Kitanzania walikutana na Goodall na kuanzisha harakati za vijana za kutunza mazingira za Roots & Shoots, ambazo zimeenea katika nchi nyingi duniani. Goodall naye alifariki dunia mwezi Oktoba mwaka 2025, akiwa na miaka 91.

Maisha ya Bryceson hayapaswi kusomwa kama hadithi ya mgeni aliyekuja kuwaokoa wenyeji. Uhuru wa Tanganyika uliletwa na wananchi wenyewe chini ya TANU, na ni wananchi hao, kwa kura zao, waliompa yeye nafasi ya kushiriki. Kilicho chake ni uamuzi alioufanya mwaka 1958, wakati ambapo walowezi wengi waliona usalama wao upo katika kuwazuia walio wengi, na ni uaminifu wake kwa uamuzi huo kwa miaka 22 iliyofuata.

Yapo mafunzo kwa kizazi cha sasa. Umoja wa Taifa hili haukudondoka kutoka mbinguni. Ulijadiliwa, ukagombaniwa, nusura ushindwe, na hatimaye ukaandikwa katika sheria na kuthibitishwa kwenye visanduku vya kura. Watu wenye ulemavu, ambao leo haki zao zinalindwa na sheria ya mwaka 2010, wanaye katika historia ya nchi yao Waziri aliyeongoza wizara nzito kwa mkongojo mkononi. Na wakazi wa Samunge, Loliondo, Karatu na vijiji vyote vinavyopakana na hifadhi, ambao wanaishi na wanyamapori kila siku, wanayo haki ya kujua ni nani waliozisimamia hifadhi hizo, waliziendesha kwa uwezo gani, na ni maamuzi gani yaliyoachwa wazi ili wao na Serikali yao waendelee kuyatafutia majibu kwa mazungumzo.